Fundi wa Reli Apewe Mamlaka ya Kusimamisha Treni

Mchana wa tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyotoka stesheni ya King's Cross jijini London kuelekea Leeds ilikuwa inapita karibu na mji wa Hatfield kwa mwendo wa kilomita 185 kwa saa. Reli ya upande mmoja ikavunjika chini yake. Haikukatika mahali pamoja tu. Ilisambaratika vipande zaidi ya 300 katika umbali wa mita 35 hivi. Watu 4 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 70 wakajeruhiwa.

Wachunguzi walipookota vipande vile na kuvipanga upya, hawakukuta hujuma wala kasoro iliyozuka asubuhi ile. Walikuta chuma kilichojaa nyufa ndogondogo zilizoanzia kwenye kona ya ndani ya kichwa cha reli, pale gurudumu linapoegemea treni ikikata kona. Zilikuwa nyufa za siku nyingi. Linalouma zaidi ni kwamba wahusika walikuwa na habari nazo. Miezi kadhaa kabla ya ajali, kipande hicho cha njia kilikuwa kimeshajulikana kuwa kibovu. Reli za kubadilishia zilikuwa zimeandaliwa, ila hazikufungwa, na wala madereva hawakuamriwa kupunguza mwendo wapitapo hapo.

Kisa hiki kinastahili kusomwa kwa makini na kila nchi inayoendesha au kujenga reli ya kisasa, Tanzania na Kenya zikiwemo. Chuma kinapochakaa hutoa taarifa mapema. Yupo mtu anayeipata taarifa hiyo: mkaguzi anayetembea njiani na tochi, fundi wa karakana anayepima gurudumu, mhudumu wa behewa anayesikia mlio usio wa kawaida. Tatizo ni kwamba mara nyingi mtu huyo hana uwezo wa kuisimamisha treni, na mwenye uwezo huo yuko ofisini, ratiba mkononi, anahesabu dakika za kuchelewa.

Ukiitazama treni ya kasi ikiwa imesimama stesheni, ni vigumu kuamini jinsi sehemu inayobeba mzigo wote ule ilivyo ndogo. Gurudumu la mviringo linapokutana na reli yenye mgongo uliobinuka, vinagusana mahali pasipozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Barani Ulaya, treni zinazokwenda kilomita 250 kwa saa na zaidi huwekewa ukomo wa tani 17 hivi kwa kila ekseli, yaani takriban tani 8 na nusu kwa kila gurudumu. Tani zote hizo zinashuka kupitia eneo la ukucha. Hapo hapo ndipo treni inapopatia nguvu ya kusonga mbele, ndipo breki zinapofanyia kazi, na ndipo treni inapoongozwa kwenye kona.

Kila gurudumu linapopita, uso wa reli hubonyea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kisha hurudi mahali pake. Safari nyingine haurudi wote. Yakishapita mamilioni ya magurudumu, tabaka la juu huchoka, likaanza kuchanika. Maji ya mvua yakiingia ndani ya ufa, gurudumu linalopita juu huyafungia humo na kuyasukuma mbele, na ufa ukazidi kuchimba. Nyufa nyingi huishia juu juu na kubanduka kwa vijipande vyembamba. Chache hugeuka zikaelekea chini, na hizo ndizo zinazokata reli.

Gurudumu nalo lina hesabu zake. Uso wake si bapa; umechongwa kwa mteremko, kipenyo kikiwa kikubwa zaidi upande wa ndani. Treni ikielemea kulia, gurudumu la kulia hukanyaga kwa sehemu yenye kipenyo kikubwa na la kushoto kwa sehemu yenye kipenyo kidogo, na kwa kuwa yote mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, ekseli hujirudisha katikati yenyewe. Ule ukingo uliotokeza kwa ndani, ambao wengi hudhani ndio unaoishikilia treni njiani, ni ulinzi wa akiba. Sasa gurudumu likilika katikati na kufanya bonde, hesabu hiyo huvurugika. Ekseli hujirudisha kupita kiasi, ikaelemea upande wa pili, ikarudi tena, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo kuyumba huko kunavyozidi kuwa kukali. Kwenye kilomita 80 kwa saa abiria hatasikia kitu. Kwenye kilomita 300, ni suala la usalama.

Lipo jambo moja ambalo huwashangaza hata watu waliosoma uhandisi. Kulika kwa chuma kuna faida yake. Reli iliyo laini hulika upesi, na katika kulika huko hufuta nyufa zikiwa bado changa. Reli ngumu hudumu miaka mingi zaidi, lakini nyufa nazo hudumu pamoja nayo. Kwa hiyo viwanda vilipotengeneza chuma kigumu zaidi, na wahandisi walipoongeza kupaka grisi kwenye kona ili ukingo wa gurudumu usikwangue reli, uchakavu ulipungua na nyufa zikapata muda wa kukua.

Dawa iliyopatikana ni kumega chuma kwa makusudi. Usiku, abiria wakiwa wamelala, treni maalumu ya kusaga hupita polepole juu ya njia ikiwa na mawe mengi yanayozunguka, kila jiwe limeelekezwa kwa pembe yake, cheche zikiruka pande zote mbili. Ikishapita, reli imepoteza tabaka jembamba tu, aghalabu pungufu ya nusu milimita, lakini umbo lake limerudi na nyufa changa zimeondoka.

Kwa upande wa magurudumu, kazi hiyo hufanyika karakana. Treni nzima huingizwa ndani na kusimama juu ya shimo, mashine ya kukereza ikiwa imefungwa chini ya sakafu, ili gurudumu lichongwe pasipo kufunguliwa. Vigurudumu vya mashine huinyanyua ekseli kidogo na kuizungusha taratibu, kisha kisu huanza kumega. Nyuzi za chuma zilizojikunja, za moto, zimegeuka rangi ya bluu, huanguka shimoni. Fundi hupima kipenyo cha gurudumu la kulia na cha kushoto, hupima kimo cha ukingo na unene wake, na tofauti ya sehemu ndogo tu ya milimita baina ya magurudumu mawili ya ekseli moja inatosha kumfanya arudie kazi. Kila mkerezo hupunguza maisha ya gurudumu, ndiyo maana wanaoshika fedha hutamani usogezwe mbele. Ukisogezwa mbele, kasoro huzama, na mkerezo unaofuata hulazimika kula chuma kingi zaidi.

Wachina wameonja ugumu wa jambo hili. Baadhi ya treni zao za kasi zilianza kutoa mlio mkali na mtetemo uliolegeza au kukata boliti za vifaa vilivyo chini ya behewa. Walipopima magurudumu kwa vipimo vya usahihi mkubwa waligundua kuwa hayakuwa tena duara kamili. Yalikuwa na mawimbi 20 hivi kuuzunguka mzingo, kila wimbi likiwa na kina cha sehemu chache za mia za milimita. Jicho haliwezi kuona kasoro hiyo, na mkono ukipita juu yake hausikii kitu. Lakini gurudumu la kipenyo cha sentimita 92 likienda kilomita 300 kwa saa huzunguka karibu mara 29 kwa sekunde, na mawimbi 20 hugeuka kuwa mapigo zaidi ya 570 kila sekunde. Hakuna boliti iliyotengenezwa kuvumilia hayo mwezi baada ya mwezi. China ililishughulikia tatizo hilo kwa kupima mara kwa mara, kukereza kabla kasoro haijawa kubwa, na kusaga reli. Mafanikio hayo yalianzia kwa wapimaji ambao taarifa zao zilifanyiwa kazi.

Ujerumani taarifa zilikuwepo, ila hazikufanyiwa kazi.

Treni za kasi za Ujerumani, ICE, za kizazi cha kwanza zilipoanza kazi mwaka 1991, abiria walilalamikia mtetemo, hasa ndani ya behewa la chakula ambako vyombo vililia mezani. Shirika la reli likaamua kubadili magurudumu. Badala ya gurudumu la kipande kimoja cha chuma, likafungwa lenye pete ya chuma kwa nje, kiini cha chuma kwa ndani, na mpira katikati ya viwili hivyo. Mtetemo ukapungua. Aina hiyo ya gurudumu ilikuwa imeshatumika kwenye tramu za mijini, ila tramu haziendi kilomita 250 kwa saa.

Pete ya nje, kwa kuwa imelalia mpira, hubonyea na kurudi kila gurudumu linapozunguka. Pete nene hubonyea kidogo. Pete iliyolika, na kukerezwa, na kulika tena, hubonyea zaidi, na ufa huanza upande wa ndani ambako mkaguzi mwenye tochi hawezi kuuona. Gurudumu jipya lilikuwa na kipenyo cha milimita 920, na sheria iliruhusu litumike hadi libaki 854. Tarehe 3 Juni 1998, katika treni iliyotoka Munich kwenda Hamburg, pete iliyokuwa imebaki na 862 ilikatika. Bado ilikuwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa.

Pete ile ilifumuka ikapenya sakafu ya behewa na kutokeza katikati ya viti vya abiria. Baba mmoja aliyekuwa amekaa hapo na familia yake alimtafuta mhudumu wa treni akamweleza. Taratibu za kampuni zilimtaka mhudumu ajionee kwanza uharibifu kabla ya kuvuta breki ya dharura. Wakafuatana kwenda kuangalia. Kabla breki haijavutwa, treni ilifika sehemu ya kubadilishia njia katika kijiji cha Eschede ikiwa kwenye kilomita 200 kwa saa. Chuma kilichokuwa kinaning'inia kikajikwaa kwenye reli za pale, mabehewa yakaacha njia, na daraja la barabara lililokuwa juu likaporomoka juu yao. Watu 101 walikufa. Haijapata kutokea ajali nyingine ya treni ya kasi iliyoua watu wengi kiasi hicho.

Maonyo yalikuwa mengi. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya tramu ya mji wa Hannover, mji ulio jirani na Eschede, ilikuwa imekuta nyufa kwenye magurudumu yake ya aina hiyo, ikayabadilisha mapema na kuwaarifu wengine. Katika miezi miwili ya mwisho, wafanyakazi wa treni yenyewe walikuwa wameandika malalamiko mara 8 kuhusu mlio na mtetemo kutoka kwenye magurudumu yale. Haikuhitajika elimu mpya ili kuokoa maisha ya watu 101. Ilihitajika mtu mmoja, kati ya wale waliosikia mlio, awe na haki ya kusema: treni hii haitoki.

Watetezi wa mfumo wa kawaida husema kuwa mtu wa chini akipewa mamlaka hayo, treni zitasimamishwa kila siku kwa wasiwasi usio na msingi. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu treni isiyotabirika hukimbiwa na abiria, na reli isiyo na abiria hukosa hata fedha za kusaga njia. Lakini jibu lake linaonekana Japani, nchi inayosifika kwa treni kufika kwa dakika iliyopangwa.

Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, ilianza safari tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa, na tangu hapo hakuna abiria aliyekufa kwa sababu treni hiyo imeacha njia au kugongana na nyingine. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi hakuna treni ya abiria inayopita; saa hizo ni za mafundi peke yao. Kwa miaka mingi treni ya njano ya ukaguzi, ambayo Wajapani wameibandika jina la Daktari, imekuwa ikipita njia ya Tokyo hadi Osaka kila baada ya siku 10 hivi kupima reli na nyaya za umeme ikiwa katika mwendo wa kawaida wa abiria. Watoto wa Japani huamini kuwa kuiona ni bahati.

Hata huko, mwaka 2017, mambo nusura yaharibike. Tarehe 11 Desemba treni ya Shinkansen iliyotoka Hakata kwenda Tokyo ilianza kutoa harufu ya kuungua mapema katika safari. Mafundi waliopanda katikati ya njia walisikia mlio usio wa kawaida na kumweleza mwelekezaji wa treni kwa simu kwamba ingefaa sehemu ya chini ikaguliwe katika stesheni ya Shin-Osaka. Maneno hayo hayakumfikia sawasawa. Kila upande ukadhani upande wa pili ndio utakaoamua, na treni ikaendelea hadi Nagoya. Ilipokaguliwa hapo, fremu inayobeba magurudumu ilikutwa na ufa wa sentimita 14 kwenye kimo cha sentimita 17. Zilibaki sentimita 3 za chuma.

Ufa huo ulitokana na kasoro ya utengenezaji, haukuwa wa gurudumu wala wa reli. Somo lake ni lile lile la Hatfield na Eschede, isipokuwa safari hii hakuna aliyezikwa. Baada ya tukio hilo wafanyakazi wa Shinkansen walielekezwa kusimamisha treni bila kusita pale usalama unapotiliwa shaka. Wajapani hawakuacha kufika kwa wakati kwa sababu ya agizo hilo, maana pale ambapo njia husagwa na magurudumu hukerezwa kwa ratiba, sababu za kusimama ghafla huwa chache.

Uingereza ilijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Baada ya Hatfield, kampuni iliyokuwa inamiliki njia, Railtrack, haikuweza kusema kwa uhakika ni wapi kwingine kulikuwa na nyufa za aina ile. Kazi ya matengenezo ilikuwa mikononi mwa makandarasi, na ujuzi wa wahandisi wa zamani ulikuwa umetawanyika reli ilipobinafsishwa. Kwa hofu, kampuni iliweka amri za dharura za kupunguza mwendo katika sehemu zaidi ya 1,800. Baadhi ya safari za saa 2 zikageuka za saa nyingi. Mwaka uliofuata, Oktoba 2001, Railtrack iliwekwa chini ya ufilisi, na mwaka 2002 nafasi yake ikachukuliwa na Network Rail, chombo kisichogawa faida kwa wenye hisa. Wale waliodhani kwamba kuacha reli mbovu mahali pake ni kubana matumizi walikosea hesabu.

Sasa tuje Afrika Mashariki. Kenya ilizindua treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017, treni ya abiria ikienda kilomita 120 kwa saa na ya mizigo 80. Tanzania ilizindua rasmi safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, kwa mwendo unaofika kilomita 160. Kwa vipimo vya kimataifa, ambavyo huanzia kilomita 250 kwa njia mpya, hizo si treni za kasi. Mtu anaweza kudhani basi kwamba habari za Hatfield ni za kwao Wazungu.

Atakuwa amesahau tarakimu moja. Treni ya Hatfield ilikuwa kwenye kilomita 185, tofauti ya kilomita 25 tu na ile ya Tanzania inayopita Kilosa. Tena njia ya Shinkansen ya Tokyo hadi Osaka haipitishi treni za mizigo, ilhali reli za Kenya na Tanzania zimejengwa kubeba abiria na makontena kwenye njia moja. Wahandisi huhesabu umri wa reli kwa tani zilizopita juu yake, na behewa la mizigo hukandamiza chuma kuliko behewa la abiria. Kwenye kona hali huwa ngumu zaidi. Reli ya nje huinuliwa ili kusawazisha nguvu inayoisukuma treni nje, na kimo hicho huwekwa kwa kukisia mwendo mmoja wa wastani. Treni ya abiria iendayo kasi huielemea reli ya nje. Treni ya mizigo iendayo polepole huikandamiza ya ndani. Reli zote mbili huumia, kila moja kwa namna yake.

Leo reli hizi ni mpya, hasa ya Tanzania, na huu ndio wakati wa kuweka utaratibu. Nyufa za uchovu hazionekani mwaka wa kwanza. Huja pale sherehe za uzinduzi zimeshasahaulika, mawaziri wameshabadilika, na dirisha la fedha za matengenezo ndilo la kwanza kufungwa bajeti inapobana. Ufaransa ilipoendesha treni yake ya kasi, TGV, kwa kilomita 574.8 kwa saa tarehe 3 Aprili 2007, dunia nzima iliandika habari hiyo. Ni wachache walioandika kuwa kwa ajili ya jaribio hilo magurudumu yalibadilishwa, yakafungwa ya milimita 1,092 badala ya 920. Kasi ina mashabiki, na magurudumu nayo yanahitaji watu wa kuyasemea, kuanzia bungeni hadi katika vyumba vya habari.

Mambo matatu yafanyike, na yote yako ndani ya uwezo wa serikali hizi mbili.

La kwanza ni mamlaka ya kusimamisha. Mkaguzi wa njia na fundi wa magurudumu wapewe kwa maandishi haki ya kuamuru treni ipunguze mwendo au behewa litolewe kwenye msafara. Amri hiyo isifutwe kwa simu ya bosi anayetaka ratiba itimie. Ifutwe na mhandisi aliyekwenda kuona kwa macho yake, akaweka sahihi na jina lake. Na fundi akikosea kwa kuwa mwangalifu kupita kiasi, asikatwe mshahara wala asihamishwe kituo. Nchini Tanzania, LATRA kama mdhibiti wa usafiri wa ardhini ina nafasi ya kulifanya hili kuwa sharti la leseni, lisibaki hisani ya meneja.

La pili ni fedha zenye uzio. Waagizaji wa bidhaa katika nchi zote mbili hulipa tozo ya maendeleo ya reli. Kenya ilianza kuitoza mwaka 2013 kwa kiwango cha asilimia 1.5. Tozo hizo zilibuniwa katika kipindi cha ujenzi. Njia ikishajengwa, sehemu inayojulikana ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya kusaga reli, kukereza magurudumu, vipuri, na kuwasomesha vijana wanaoshika vipimo. Vijana hao ndio mtaji wenyewe. Mashine ya kukereza hununuliwa kwa mkataba mmoja, lakini fundi anayeweza kusikia tofauti ya mlio na kusema ekseli ile ina kasoro huchukua miaka kupatikana, na akiondoka kwa kukosa maslahi huondoka na miaka hiyo yote.

La tatu ni uwazi. Shirika la Reli Tanzania na lile la Kenya hutangaza idadi ya abiria, na hilo ni jambo jema. Yatangaze pia, kila robo mwaka, ni kilomita ngapi za njia zilizosagwa, ni ekseli ngapi zilizokerezwa, ni sehemu ngapi zimewekewa amri ya kupunguza mwendo na kwa muda gani. Ripoti ya kurasa mbili inatosha. Abiria atakayesoma kuwa treni ilichelewa nusu saa kwa sababu fundi aliona ufa karibu na stesheni fulani, na kwamba ufa huo umeshashughulikiwa, atakuwa na imani zaidi na shirika, na kesho atakata tiketi tena. Magazeti nayo yaache kuandika kila ucheleweshaji kuwa ni aibu. Mwandishi aulize kwanza treni ilisimamishwa na nani, na kwa nini.

Kila Juni, wabunge wa Dodoma na wa Nairobi husomewa bajeti ya nchi, na wizara yenye dhamana ya uchukuzi huomba mabilioni yake. Atakayesimama kuchangia aulize kiasi kilichotengwa kwa ajili ya magurudumu na reli zilizokwisha kujengwa, kando na fedha za ujenzi mpya. Aulize pia kama mwaka uliopita kuna fundi aliyewahi kuzuia treni isitoke, na alitendewa nini baada ya hapo. Waziri ajibu kwa tarakimu, na majibu yaingie kwenye hansadi.